Msikilizaji wa Giaboksi

MAELEZO YA SHAHIDI

Kuhusu: kifo cha fundi mkuu wa gereji ya magari ya zamani, barabara ya mteremko, penye kalavati
Jina: Dada Gia, ndivyo anavyojulikana kazini na mtaani
Umri: miaka 45
Jinsia: mwanamke
Kazi: fundi wa giaboksi
Makazi: chumba cha uani, katika gereji hiyo hiyo
Uhusiano na marehemu: mpwa wake
Tarehe ya kutoa maelezo: 17 mwezi huu, Jumanne, asubuhi

Mimi niliyetajwa hapo juu nimefika kituoni kwa hiari yangu, sikuitwa na mtu. Nimekuja kwa sababu ya mlinzi wetu, mzee tunayemwita Babu Tochi, ambaye yuko mahabusu hapa tangu tarehe 10 akidaiwa kuwa ndiye aliyeliendesha gari lililomuua Mjomba. Mimi nasema hakuliendesha. Tena nikishaeleza kwa nini siyo yeye, itabidi nimtaje aliyeliendesha, na hapo ndipo ulimi unaponiwia mzito. Nimefuatana na mdogo wangu, amekaa kwenye benchi nje, chini ya dirisha hili. Naomba afande asinikatishe sana, maana nikikatishwa naweza kuinuka nikaenda zangu.

Marehemu ni kaka wa mama yetu. Mama alipofariki nilikuwa na miaka kumi na sita, na mdogo wangu alikuwa ndiyo kwanza anatambaa. Mjomba alituchukua sote wawili. Mimi alinipa spana, na mdogo wangu akamkabidhi kwa mkewe, mkaza mjomba wetu, ambaye hakujaaliwa mtoto na alimbeba mgongoni mpaka majirani wakasahau kuwa si wa kumzaa. Kutembea nilimfundisha mimi, pale gereji, akishikilia tairi moja mpaka jingine. Nayasema haya ili afande ajue sisi ni nani kwa nani.

Gereji yetu haitengenezi magari mapya. Tunatengeneza ya zamani tu, yale ambayo wenzetu wakiyaona wanauliza kama tunauza vyuma kwa kilo. Kazi yangu mimi ni giaboksi. Mteja akija na kuniambia gia zinalia, namuuliza zinalia saa ngapi. Ukikanyaga klachi au ukiiachia? Ukipanda au ukishuka? Gia inayogoma kuingia ina ugonjwa wake, na gia inayoingia vizuri kisha ikatoka yenyewe ukiwa mteremkoni ina ugonjwa mwingine kabisa. Watu huniambia "iliharibika ghafla." Giaboksi haiharibiki ghafla, afande. Huanza kunong'ona mapema, ila watu wamewasha redio.

Kwa hiyo sisi tunasikiliza. Njia yetu ni ya Mjomba, naye aliipata kwa aliyemfundisha. Tunafunua zulia la sakafuni, tunaondoa kibati kilicho juu ya giaboksi, na msikilizaji anakaa kiti cha abiria akiwa na mpini wa jembe uliokatwa, tunaouita Mti. Ncha moja ya Mti inakaa juu ya giaboksi, ncha ya pili inabanwa kwenye mfupa nyuma ya sikio. Msikilizaji anainama mpaka kichwa kiko chini ya dashibodi, na anafumba macho. Gari linapelekwa barabarani, na kila linachofanya giaboksi anakipata mfupani. Barabara haioni. Dereva ndiye mwenye macho ya watu wawili.

Kwa sababu hiyo tuna neno moja la kazi. Dereva akiona chochote mbele, shimo, mbuzi, mtoto na mpira wake, kabla hajagusa breki anasema: "Kichwa!" Msikilizaji anauachia Mti na kuinuka. Mjomba alitufundisha neno hilo kabla ya kutufundisha majina ya spana. Alikuwa akitukalisha kwenye gari lisilo na injini, anasema "Kichwa!" na asiyeinuka haraka anapigwa kofi la utani kisogoni. Mtu anayekuinamia ndani ya gari amekupa roho yake uishike, hayo ndiyo aliyokuwa akituambia, na hapo hakuwa na utani.

Sasa nieleze kuhusu gari. Ni la Mjomba mwenyewe, la rangi ya krimu, mkono wa gia uko kwenye usukani, tunaliita Bi Mkubwa. Lina gia tatu za mbele na rivasi. Zamani, kabla sijazaliwa, Mjomba aliifungua giaboksi yake, na wakati wa kuirudisha akakosea, akafunga mkono mdogo wa nje juu chini. Kosa hilo hulifanya fundi aliyefungua na kufunga giaboksi hizo mpaka akazizoea, mgeni hafiki huko. Matokeo yake namba moja na rivasi zilibadilishana mahali. Ukiweka mkono pale ambapo kila dereva duniani anajua ni namba moja, Bi Mkubwa anarudi nyuma. Ukiweka rivasi, anakwenda mbele. Mara ya kwanza Mjomba alijikuta amegonga rafu ya makopo ya boliti iliyokuwa nyuma yake. Alicheka peke yake, akaokota boliti, na akaamua kuliacha hivyo hivyo. Alisema kosa hilo linashinda kufuli.

Tangu hapo gari hilo linaegeshwa mahali pale pale, mgongo wake ukiwa kiganja kimoja tu kutoka kwenye rafu. Siku moja dalali mmoja alijitia mjuaji, akaingia kulijaribu Mjomba alipokuwa msalani. Tulisikia makopo yanaporomoka kama mvua ya mawe. Dalali akatoka amepauka, anasema gari lina mashetani, na Mjomba akacheka mpaka akakaa chini akishika mbavu. Hakumweleza siri. Mtaani mpaka leo wanasema Bi Mkubwa ana mashetani, na sisi tuliwaachia uvumi wao. Babu Tochi naye anaamini hivyo. Huwa hapiti hata karibu na gari hilo akiwa kwenye zamu, analimulika kwa mbali na kusema "hodi."

Afande ameniuliza ni nani waliojua siri hiyo. Nitajibu, lakini naomba nifike kwanza.

Mnamo tarehe 6, siku ya Ijumaa, asubuhi magari yakiwa bado machache, mimi na Mjomba tulimpeleka Bi Mkubwa kwenye mteremko wa kalavati. Mimi niliendesha, Mjomba alisikiliza. Kulikuwa na malalamiko ya gia ya tatu. Kwa anayeijua barabara hiyo, inashuka moja kwa moja, kisha chini kuna kona na ukuta wa kalavati. Breki za Bi Mkubwa ni za kuombea dua, kwa hiyo mteremkoni anashikwa na gia, hashikwi na breki. Nilipoachia mafuta katikati ya mteremko, mkono wa gia ulitetemeka mkononi mwangu na gia ya tatu ikatoka yenyewe. Nikasema "Kichwa!" Mjomba akainuka. Nikakanyaga klachi, nikaingiza gia ya pili kwa nguvu, gari likalia lakini likashikika. Tulipofika chini Mjomba alipangusa jasho na kuniambia, "Kinachoishikilia ya tatu kimechoka. Ifunguliwe." Baada ya hapo akaniomba nisimsimulie mkewe.

Kinachoishikilia gia isitoke ni kitu kidogo mno. Ni gololi ya chuma, ukubwa wa punje ya njegere, inayosukumwa na springi iingie kwenye kishimo chake. Springi ikichoka au gololi ikiliwa, gia haina mshiko. Dawa yake ni kuweka springi mpya na gololi mpya, kazi ya siku moja kwa fundi mzoefu.

Kazi hiyo alipewa mdogo wangu. Aliiomba mwenyewe. Kwa miaka yote amekuwa akiosha vyuma, akishika taa, akikaza nilichoanza mimi, na siku hiyo alimwambia Mjomba, "Niachieni hii moja nifungue na nifunge mwenyewe, Dada asiguse hata nati." Mjomba alinitazama. Mimi nikasema haya. Nilifurahi kwa kweli, niliona sasa amekua. Alifanya kazi Jumamosi na Jumatatu, akipiga mluzi, na kila nilipopita karibu alifunika kazi kwa tambara kama mwanafunzi anayezuia mwenzake asinakili. Jumatatu jioni akaifunga.

Jioni hiyo hiyo nilimwambia Mjomba kwamba kesho yake alfajiri nampeleka mkaza mjomba kliniki ya macho, basi wanisubiri nirudi ndipo tuende mteremkoni. Nilisema waziwazi kuwa nitaendesha mimi. Mjomba akajibu, "Mwanangu, mimi hata basi sijawahi kulisubiri, nikusubiri wewe?" Tulicheka. Mdogo wangu alikuwa karibu anafuta mikono, hakucheka na hakuniangalia. Nilidhani amechoka.

Mnamo tarehe 10, siku ya Jumanne, niliondoka na mkaza mjomba kabla jua halijatoka. Babu Tochi ndiye aliyetufungulia geti na kututakia safari njema. Zamu yake huisha saa kumi na mbili asubuhi na hutembea kwa miguu kwenda kwake, njia yake inapita mteremkoni. Tulikuwa kwenye foleni ya kliniki, mkaza mjomba ameshatiwa dawa machoni na haoni vizuri, nilipopigiwa simu kwamba Bi Mkubwa amegonga ukuta wa kalavati na Mjomba ameumia. Nilimwongoza kwa mkono mpaka hospitali kuu. Njia nzima alinishika kiwiko kwa nguvu mpaka kikaniuma.

Mjomba alikuwa bado anapumua. Walikuwa wamemlaza kwenye kitanda cha magurudumu, ukumbini. Niliangalia mikono yake kwanza, maana sisi mafundi tunaangalia mikono. Haikuwa na mkwaruzo hata mmoja. Uso wake pia ulikuwa mzima. Jeraha lilikuwa utosini. Nyuma ya sikio la kulia kulikuwa na alama ya duara, imedidimia kwenye ngozi, ukubwa wa ncha ya Mti.

Afande, mtu anayeona ukuta unamjia hutanguliza mikono. Hata mlevi hutanguliza mikono. Mjomba hakutanguliza chochote, kwa sababu hakuona kitu. Alikuwa ameinama anasikiliza, na aliyekuwa na macho ya wawili hakumwambia neno. Nililijua hilo nikiwa nimesimama pale ukumbini. Kisha nikamwinamia sikioni nikasema, "Kichwa, Mjomba. Kichwa." Sijui nilitegemea nini. Alifariki mchana huo.

Mdogo wangu alifika hospitali baada yetu. Kulikuwa na joto, naye amevaa shati la mikono mirefu limefungwa mpaka kifungo cha mwisho. Kiganja kimoja kilikuwa na bandeji. Alisema alikuwa duka la vipuri tangu asubuhi na mkono umekatwa na bati. Mkaza mjomba alimpapasa uso, kwa kuwa alikuwa haoni vizuri, akasema, "Mwanangu, wewe angalau uko mzima." Mdogo wangu akalia kama mtoto. Nami nikalia, nikamkumbatia, na nilipomkumbatia aliguna kwa maumivu ya ubavu. Niliisikia ile sauti. Niliamua kuwa sikuisikia.

Hapo ndipo tulipoambiwa kwamba Babu Tochi amekamatwa. Tuliambiwa alikutwa peke yake na majeruhi, nguo zimejaa damu, ana ufunguo wa geti mfukoni, na ujanani aliwahi kuendesha malori. Ikasemwa kwamba alikuwa anaiba gari na Mjomba akajitupa ndani kumzuia. Majirani wakasema ndiyo, wao siku zote walimshuku, watu ambao jana yake walikuwa wanamwomba amulike wakitafuta kuku wao. Sikuamini, na sikusema kitu.

Sasa nasema. Kwanza, tarehe 10 jioni niliporudi gereji nilikwenda moja kwa moja mahali anapoegeshwa Bi Mkubwa. Rafu ilikuwa imesimama. Makopo yote ya boliti yalikuwa mahali pake, hakuna hata moja lililogeuka. Mwizi angeweka namba moja na angerudi kinyumenyume ndani ya rafu, kama dalali. Wala gari halikusukumwa, maana sakafu yetu inapanda kuelekea mlangoni na Bi Mkubwa anahitaji wanaume wanne na matusi. Lilitolewa na mtu aliyeijua siri ya gia, kwa jaribio la kwanza, bila kubahatisha.

Pili ni Mti. Upo hapa kituoni, nimeuona kwenye vielelezo, umevunjika vipande viwili. Mjomba hainamishi kichwa kwa mtu yeyote tu. Katika maisha yangu yote sijamwona akisikiliza giaboksi inayoendeshwa na mtu wa nje, hata mteja awe nani. Watu wanaogombana juu ya gari la wizi hawafunui zulia, hawatoi kibati na kukiweka kiti cha nyuma kwa uangalifu, na boliti zake nne ndani ya kopo. Kopo hilo nalo lilikuwamo garini. Waliokuwa garini walikwenda kufanya kazi. Babu Tochi alilikuta gari limeshagonga, akamtoa Mjomba, na damu ile ni ya kumbeba. Alifanya jambo ambalo aliyekuwa akiendesha hakulifanya.

Mnamo tarehe 12 niliitwa kwenye yadi ya polisi kumsaidia mkaguzi wa magari kuifungua giaboksi. Tuliikuta gia iko huru, haimo popote. Nilipofungua kava ya pembeni, springi mpya ya gia ya tatu ilikuwamo. Gololi haikuwamo. Haikuvunjika, kwa sababu ingevunjika tungepata vipande kwenye oili, na nilipitisha sumaku nikatoka kapa. Haikuwekwa. Mkaguzi aliandika hitilafu ya gari na akanishukuru. Mimi nikafuta mikono, nikaondoka.

Mnamo tarehe 14, Jumamosi asubuhi, nilimwaga mafuta ya taa yaliyokuwa kwenye karai la kuoshea vyuma. Hakuna aliyekuwa amefanya kazi pale tangu Jumatatu. Kwenye tope lililobaki chini nikaona kitu kinang'aa. Ilikuwa gololi mpya. Aliiosha, ikamponyoka, akasahau, akafunga. Ni kosa la kazi, na mtu yeyote anayefanya kazi hii angeweza kulifanya. Nataka afande aliandike hilo kama ninavyolisema. Gololi ile haikuachwa kwa kukusudia.

Niliiosha, nikaingia ndani. Mdogo wangu alikuwa mezani anakunywa uji aliopikiwa na mkaza mjomba. Mkaza mjomba alikuwa ametoka kwa jirani. Nikaiweka gololi mezani karibu na kikombe chake. Ikabingirika kidogo, ikasimama. Aliitazama. Hakuuliza ni nini.

Nikamwambia, "Vua shati."

Akavua. Ubavu wake wote wa kulia na bega vilikuwa vimechubuka, vimeanza kukauka, kama mtu aliyeburuzwa kwenye lami. Mlango wa dereva wa Bi Mkubwa uko kulia.

Alinieleza yafuatayo. Kwamba nilipoondoka alimbembeleza Mjomba, akamwambia giaboksi ni yake basi aijaribu mwenyewe, na Mjomba akakubali kwa sababu alitaka kumpa moyo. Kwamba walishuka vizuri, Mjomba ameinama, na hata alisema kwa chini, "Imetulia, mwanangu, umeifunga vizuri." Kwamba alipoachia mafuta gia ya tatu ikatoka. Akajaribu kuirudisha ikagoma, akakanyaga breki na hakuna kitu, na ukuta ukawa unakuja.

Nikamuuliza, "Ulimwambia kichwa?"

Akasogeza kikombe. Nikarudia. Alisema, "Nilifungua mlango kwanza, Dada. Mdomo haukufunguka."

Alisema alijiviringisha kwenye majani, akasikia kishindo, akakimbilia mashambani bila kugeuka nyuma. Niliinua mkono nimpige kofi, ukabaki hewani. Nilikumbuka yale makofi ya kisogoni tuliyokuwa tukipigwa kwa utani. Kisha nikamuuliza habari za Babu Tochi, akasema, "Watamwachia tu. Si hana kosa?" Wakati huo tukamsikia mkaza mjomba anarudi, na mimi nikaiokota gololi nikaitia mfukoni.

Afande ameniuliza kwa nini sikuja siku hiyo. Kwa sababu ni mdogo wangu. Sina jibu lingine, na naona hata hilo siyo jibu zuri. Nilijiambia kwamba Mjomba hatarudi hata nikisema. Nilijiambia pia kwamba mahakama itamwona mzee wa watu hana hatia. Siku mbili nilikula, nililala, nilijibu salamu.

Jana, tarehe 16, mke wa Babu Tochi alikuja getini. Hakuingia. Alikuwa ameshika tochi ya mumewe, ile kubwa, ambayo ni mali ya gereji, ameifunga kwenye khanga kukuu. Akaniambia, "Nimeirudisha, Dada, isije ikasemwa kwamba na hii tumeiba." Nikamwambia akae nayo, mumewe atairudia. Alikataa, akaiweka chini penye mlango, akaniuliza kama huko ndani wanawapa wazee blanketi. Alipokwenda niliibonyeza ile tochi, ikawaka vizuri, alikuwa ametia betri mpya.

Leo asubuhi nilimwambia mdogo wangu, "Nakwenda kituoni kusema kila kitu. Ukitaka kukimbia, kimbia sasa hivi, sitakupigia kelele." Alifunga kamba za viatu vyake. Alimbusu mkaza mjomba mkono, naye akamwambia asichelewe, amemlowekea maharage. Tumetembea pamoja mpaka hapa. Tulipofika mlangoni aliniuliza, "Nikusubiri?" Nikamwambia anisubiri.

Sasa najibu swali la afande. Siri ya gia za Bi Mkubwa ilijulikana na watu watatu tu, Mjomba, mimi, na mdogo wangu. Mjomba alikuwa kiti cha abiria ameinama. Mimi nilikuwa kliniki, na jina la mkaza mjomba limeandikwa mapokezi, nami nikiwa msindikizaji. Aliyebaki amekaa nje.

Nimekabidhi gololi moja ya chuma. Naomba mambo matatu. Babu Tochi aachiwe leo, tena mchana, mtaa umwone akirudi. Mkaza mjomba aambiwe na mimi, asiambiwe na majirani. Na la tatu nimemwambia afande kwa mdomo.

Hayo ndiyo niliyoyaona kwa macho, niliyoyasikia kwa masikio na niliyoyashika kwa mikono yangu. Sikuongeza chumvi. Nilichopunguza ni machozi tu.

Sahihi ya shahidi: (ametia sahihi, na dole gumba lenye alama ya grisi)

MAELEZO YA ASKARI ALIYEANDIKA

Nimemsomea shahidi maelezo haya kwa sauti, akayakubali, isipokuwa aliomba neno "ajali" nililoliandika sehemu moja nilifute, nami nimelifuta. Gololi nimeipokea na kuitia kwenye bahasha ya vielelezo pamoja na vipande vya Mti.

Ombi lake la tatu lilikuwa kwamba atangulie yeye kutoka nje kabla yangu. Nilimkubalia, nikamfuata kwa nyuma nikiwa na mwenzangu. Mtu aliyetajwa alikuwa bado kwenye benchi. Alikuwa ameinama, viwiko kwenye magoti, uso umeelekea chini, na dirisha lililo juu yake lilikuwa wazi muda wote wa maelezo. Hakutusikia tukija, au hakutaka kutusikia. Shahidi alisimama mbele yake na kumwambia neno moja, kwa sauti ya kawaida:

"Kichwa."

Akainuka. Hakuhitaji kushikwa mkono.